Jumba Limebomolewa, Mabanda Yamebaki

Mwanzoni mwa miaka ya 1960, katika jimbo la Cheshire, kaskazini-magharibi mwa Uingereza, wabomoaji waliliangusha jumba la Eaton Hall. Lilikuwa kazi ya Alfred Waterhouse, msanifu yuleyule aliyechora Makumbusho ya Historia Asilia ya London na jengo la manispaa la Manchester. Alilishughulikia tangu 1870 hadi 1882 kwa ajili ya Hugh Lupus Grosvenor, ambaye mwaka 1874 alipewa cheo cha Duke wa Westminster. Grosvenor alikuwa miongoni mwa matajiri wakubwa kabisa wa nchi hiyo. Viwanja vya Mayfair na Belgravia, katikati ya London, vilikuwa vyake, na kodi zake hazikukauka. Ukumbi mkuu, maktaba, vyumba vya wageni, minara ya Kigothi, nakshi za mawe, vyote vikaenda. Kanisa la familia likaachwa pamoja na mnara wake wa saa. Na mabanda ya farasi yakaachwa.

Haikuwa bahati tu. Ukizunguka mashambani mwa Uingereza utayakuta mabanda mengi ya namna hiyo yamesimama imara pembeni mwa uwanja wa majani ambapo zamani palikuwa na jumba. Mahali pengine jumba lenyewe lipo, lakini linawasumbua wenyewe kwa baridi na gharama, huku mabanda yakiwa yamejaa watu na shughuli. Nimeyatazama majengo hayo kwa muda mrefu, katika ramani zake na kwa macho, na nimefikia msimamo ambao sura hii inautetea: katika majumba ya mashambani ya enzi ya Malkia Victoria, aliyetawala tangu 1837 hadi 1901, usanifu bora haukuwa sebuleni. Ulikuwa mabandani.

Kwanza tuone kwa nini majumba hayo yaliota kwa wingi namna ile. Pesa zilikuwapo, na zilitoka pande zote za dunia. William Gibbs aliijenga upya Tyntesfield, karibu na Bristol, kwa faida ya mbolea ya kinyesi cha ndege wa baharini iliyochimbwa Peru. William Armstrong alijenga Cragside, huko Northumberland, kwa fedha za mizinga na mitambo ya kunyanyulia mizigo. John Walter, mmiliki mkuu wa gazeti la The Times, alijenga Bear Wood katika jimbo la Berkshire. Sheria nazo zikalegea. Ushuru wa vioo ulifutwa 1845, wa matofali 1850, na ile kodi ya madirisha iliyokuwa imewasonga Waingereza tangu 1696 ikaondolewa 1851. Ndani ya miaka sita tu, vitu viwili ambavyo nyumba haiwezi kujengwa bila kuvitumia vilishuka bei, na dirisha kubwa likaacha kuwa kosa la kutozwa. Reli zikamaliza kazi: mawe ya jimbo moja yakaweza kusafirishwa hadi jimbo jingine bila mnunuzi kufilisika.

Matajiri wapya walikuwa na pesa, lakini wengi hawakuwa na hakika ya adabu za maisha ya kibwana. Ndiyo sababu kitabu cha Robert Kerr, msanifu Mskoti kutoka Aberdeen aliyekuwa profesa katika King's College, London, kilipata wasomaji. Kilichapishwa 1864 na kilikuwa mwongozo wa namna ya kupanga nyumba ya muungwana, kuanzia ya kasisi hadi ya mfalme. Kerr hakuanza na urembo. Alianza na faragha. Katika nyumba moja, alieleza, mnaishi jumuiya mbili, familia na watumishi, na kila moja inapaswa kuwa na milango yake, njia zake na ngazi zake, ili mmoja asimwone wala kumsikia mwingine pasipo sababu. Harufu ya jiko isifike mezani. Mjakazi mwenye ndoo asikutane na mgeni. Kutoka dirisha la jikoni isionekane bustani ambamo bibi wa nyumba anatembea.

John Walter alimpa Kerr nafasi ya kutekeleza maneno yake. Bear Wood ilianza kujengwa 1865 ikamalizika katikati ya muongo uliofuata, kwa zaidi ya pauni 100,000 na mamilioni ya matofali yaliyochomwa palepale shambani. Ukiitazama ramani yake unaona jengo lililogawanywa kwa kisu. Kuna ngazi kuu ya familia. Kuna ngazi ya wageni wanaume wasio na wake. Kuna ngazi ya watumishi wanaume na nyingine ya watumishi wanawake, maana hata hao hawakuruhusiwa kukutana njiani. Kwa upande wa huduma, kila kazi ina chumba chake: cha kusafishia taa, cha visu, cha viatu, cha kupigia nguo brashi, cha bunduki, cha vyombo vya fedha. Vyumba hivyo vimepangwa kando ya ushoroba mrefu, na ushoroba huo unakula nafasi ambayo ingetosha nyumba nyingine nzima.

Ni kazi ya akili nyingi, sikatai. Lakini akili hiyo ilitumika kuficha. Bwana alitaka moto uwe umewashwa asubuhi bila kumwona aliyeubeba, na maji ya moto yapande ghorofa ya pili bila kusikia mguu wa aliyeyapandisha. Nyumba nzima ilisimama juu ya mabega ya watu ambao ramani ilikuwa ikijitahidi kuwafuta.

Mahali ambapo jumba lilifikiri vizuri ni jikoni, na hapo mfano wangu ni Lanhydrock, huko Cornwall. Aprili 1881 moto ulioanzia kwenye bomba la moshi la jiko uliteketeza sehemu kubwa ya jumba hilo la kale. Lady Robartes, aliyekuwa mzee, aliteremshwa kwa ngazi kupitia dirishani akafa siku chache baadaye. Mumewe akamfuata mwaka uliofuata. Mrithi wao akamwajiri Richard Coad, msanifu mzaliwa wa Cornwall, alijenge upya. Coad alijenga kama mtu aliyeuona moto ule kwa macho. Dari zikawekwa zege. Jiko likapewa paa la juu kama la ukumbi, na madirisha chini ya paa ili moshi na joto vipate pa kutokea. Kuzunguka jiko hilo kuna chumba cha mkate, cha keki, cha nyama, cha samaki, na cha maziwa. Chumba hicho cha maziwa ndicho kinachonivutia zaidi. Katikati pana meza ya marumaru, pembeni pana rafu za mawe, na maji baridi yanayotoka kwenye chemchemi ya mlimani yanapita katika mifereji iliyochongwa kuzizunguka, yakizipoza siagi na vyakula vya malai. Hakuna mashine yoyote hapo. Maji yanateremka kwa uzito wake, yanachukua joto, yanakwenda zake.

Armstrong wa Cragside alikwenda mbali zaidi. Akiwa mhandisi, aliyafunga maji ya vijito kwa mabwawa akayafanya yapandishe lifti, yazungushe nyama juu ya moto na, kuanzia 1878, yatoe umeme. Mwaka 1880 aliweka taa za Joseph Swan, na Cragside inatajwa kuwa nyumba ya kwanza duniani kuangazwa kwa umeme wa maji. Norman Shaw, msanifu wake, alizungushia mitambo hiyo mapaa marefu na mabomba ya moshi ya kupendeza. Lakini majumba ya namna hiyo yalikuwa machache mno. Wenye nyumba wengi waliona hakuna haja ya kununua mashine wakati mishahara ya wasichana wa vijijini ilikuwa midogo kiasi kile.

Sasa tuvuke ua.

Mabanda yaliwekwa karibu na jumba, mara nyingi upande wa jikoni, na kwa kawaida yalizunguka ua wa mraba wenye lango pana la tao, ambalo gari la farasi wanne lingepita bila kugusa ukuta. Juu ya lango kulikuwa na kijumba cha saa. Saa ile haikuwekwa kwa ajili ya bwana, aliyekuwa na yake mfukoni. Ilipigwa kwa ajili ya saisi, watunza bustani, wafua nguo na kila aliyelipwa kwa kazi ya siku, na ilisikika mpaka mwisho wa shamba.

Ingia ndani, na jambo la kwanza utazame chini. Sakafu ya banda zuri la wakati ule iliwekwa matofali ya bluu ya Staffordshire. Udongo wa huko una chuma kingi, na ukichomwa kwa joto kali unakuwa mgumu na mzito, haunywi maji wala mkojo. Juu ya kila tofali kuna mifereji midogo iliyokata mraba. Kwato hupata pa kushika, na mkojo hupata njia ya kwenda kwenye mfereji mkuu. Sakafu ina mteremko, lakini mdogo sana, maana farasi anayesimama usiku kucha kwenye mteremko mkali huumia mishipa ya miguu. Fundi alilazimika kupata kipimo ambacho maji yatakiona na mguu hautakihisi. Katika jumba zima la bwana, sijaona sakafu iliyofikiriwa kwa uangalifu kama huo.

Kisha tazama pale farasi anapofungwa. Kulikuwa na malazi ya aina mbili. Kizimba kilikuwa na upana wa karibu mita 1.8, na farasi alisimama humo akiwa amefungwa, kichwa kuelekea ukutani. Chumba kilikuwa na mita tatu u nusu hivi kila upande, na humo farasi alikuwa huru kugeuka na kujinyoosha. Farasi wa kukokota magari, ambao walitoka kila siku, walitosheka na vizimba. Vyumba walipewa farasi wa kuwindia mbweha, walio wagonjwa, na majike wenye mimba. Basi hata farasi walikuwa na daraja zao, ila daraja hizi zilifuata mahitaji ya mwili.

Kwenye kizimba, kamba ya farasi haikufungwa moja kwa moja kwenye hori. Ilipitishwa kwenye pete ya chuma, na mwishoni mwake ikaning'inizwa gogo dogo la mbao la mviringo. Farasi akitaka kulala, gogo hupanda na kamba huongezeka. Akiinuka, gogo hushuka na kuivuta kamba, isilegee ikamnasa mguu. Kifaa hicho kinatengenezwa kwa shilingi chache, hakina kinachoweza kuharibika, na kimeokoa miguu mingi. Viwanda kama Musgrave cha Belfast vilijipatia jina kwa kuuza vyuma vya mabandani: hori, nguzo, vizuizi, makomeo yaliyozama ndani ya mlango yasimkwaruze mnyama anapopita. Kila pembe ilifanywa duara. Mchoraji alijiuliza mwili ukiligusa jengo mahali hapa, nini kitatokea.

Suala lililowafanya wataalamu wabishane zaidi lilikuwa hewa. Desturi ya zamani ilikuwa kuhifadhi nyasi kavu kwenye dari, juu ya farasi, na kuziangusha kupitia tundu hadi kwenye susu iliyopachikwa juu ya kichwa chake. Ilirahisisha kazi, lakini ilikuwa na madhara mawili. Mvuke wa pumzi na amonia ya mkojo vilipanda vikaziharibu nyasi. Na farasi aliyekula kichwa kikiwa juu aliangukiwa na vumbi na mbegu machoni. Wasanifu wa nusu ya pili ya karne wakaiteremsha susu mpaka usawa wa hori, wakahamishia nyasi pembeni au wakaziba dari, na wakafungua njia za hewa: matundu madogo chini ya kuingizia, na mengine kwenye kilele cha paa ya kutolea. Hewa chafu ina joto, hupanda yenyewe. Kinachotakiwa ni kuipa mlango, na kuhakikisha upepo haumpigi mnyama aliyetoka jasho.

Amonia hiyohiyo ndiyo iliyopanga sehemu nyingine za ua. Vanishi ya magari ilikuwa ya gharama, ikipakwa tabaka juu ya tabaka, na hewa ya mabandani iliila. Kwa hiyo banda la magari lilitengwa kwa ukuta mzima, likawekwa kavu, na milango yake ikaelekezwa mbali na jua kali. Chumba cha hatamu na matandiko nacho kilikuwa na jiko linalowaka majira yote, kwa sababu ngozi hushika ukungu na lijamu za chuma hushika kutu. Humo, nyuma ya kabati za vioo, vifaa vilining'inia vimeng'arishwa. Ni chumba chenye joto kuliko vyote uani, na si ajabu kwamba saisi walikifanya baraza lao.

Na watu wenyewe walilala wapi? Mwendesha gari mkuu, aliyekuwa na mke na watoto, alipewa nyumba au vyumba vyake uani. Saisi wadogo na wavulana walilala juu, darini, palepale ambapo wataalamu walisema amonia inaharibu nyasi. Hilo ndilo doa la usanifu huu, na siwezi kulipita. Waliokuwa wakipima hewa kwa ajili ya farasi hawakuipima kwa ajili ya mvulana aliyemsugua farasi huyo. Farasi mzuri alinunuliwa kwa pesa nyingi. Mvulana alipatikana kijijini wakati wowote.

Wala farasi hawakuwa salama walipotoka langoni. Mwaka 1877 Anna Sewell alichapisha Black Beauty, riwaya inayosimuliwa na farasi mwenyewe, na miongoni mwa mambo aliyoyapiga vita ni ile hatamu fupi iliyovuta kichwa cha farasi juu ili gari la bibi lionekane la fahari. Farasi huyo hakuweza kuinamisha shingo kupanda mlima na mzigo, na alihema kwa taabu. Mnyama aliyelala kwenye sakafu iliyopimwa kwa vidole aliteswa mchana kutwa kwa ajili ya mtindo. Banda lilimhudumia kama mwili, na barabara ikamgeuza pambo. Ni tofauti ileile iliyopo kati ya banda na sebule.

Kwa Duke wa Westminster, farasi walikuwa jambo la moyoni kabisa. Farasi wake walishinda mbio za Derby mara nne: Bend Or 1880, Shotover 1882, Ormonde 1886 na Flying Fox 1899. Ormonde hakushindwa hata mara moja katika maisha yake ya mbio. Mtu wa namna hiyo hakuweza kukubali banda lililochorwa kwa mkono wa kushoto, na Waterhouse alilijua hilo.

Kilichoyaua majumba kinaeleweka vizuri. Tangu miaka ya 1870 ngano ya bei nafuu ya Marekani iliingia Uingereza kwa meli za mvuke, kodi za mashamba zikaporomoka. Mwaka 1894 serikali ikaanzisha kodi mpya ya urithi. Agosti 1914 jeshi lilipita mashambani likichukua farasi, kisha wavulana wakawafuata vitani, na wasichana wakaonja mishahara ya viwandani. Vita vilipokwisha, wengi hawakurudi jikoni kwa bwana. Na jumba la Kerr, lililopangwa kwa ajili ya watumishi kadhaa wasioonekana, haliwezi kuishi bila wao. Utafanya nini na chumba cha taa wakati hakuna taa za mafuta, au na ngazi zote hizo wakati mko watu wanne? Ukivunja ukuta mmoja, mpango wote unapoteza maana. Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia Eaton Hall ilitumiwa na chuo cha maofisa wa jeshi la majini, kisha ikafunza makuruta wa uofisa wa jeshi la nchi kavu hadi mwishoni mwa miaka ya 1950. Walipoondoka, hakukuwa na familia iliyotaka kurudi humo. Zaidi ya majumba elfu moja ya mashambani yalibomolewa Uingereza katika karne ya 20, na mwaka 1974 Makumbusho ya Victoria na Albert yakafanya maonyesho yaliyoomboleza maangamizi hayo. Bear Wood ilinusurika kwa kuwa shule, jambo ambalo naliona la haki: shule ni mojawapo ya taasisi chache zinazohitaji korido ndefu.

Mabanda yalipoteza farasi wake wakati uleule, na yakaendelea. Motokaa ya kwanza iliingia moja kwa moja kwenye banda la magari kwa sababu milango ilikuwa mipana na sakafu ilikuwa ngumu. Vyumba vilikuwa vikubwa, vyepesi kueleweka, vyenye mwanga na hewa, na vyote vilifunguka uani. Mahali pa namna hiyo panageuka gereji, karakana, ofisi, nyumba za kupanga au mkahawa bila kubomoa kitu. Jengo lililochorwa kwa kufuata hewa, maji, mwanga na uzito wa mwili limefuata mambo yasiyobadilika. Lililochorwa kwa kufuata nani asimwone nani limefuata desturi, na desturi ile ilidumu miaka hamsini tu.

Kwa hiyo, msomaji, ukiwa Uingereza na ukapata nafasi ya kuzuru jumba la aina hii, liwe Lanhydrock, Tyntesfield, Cragside au jingine lolote lililo wazi kwa umma, usianze na mlango mkuu. Tafuta ua wa mabanda. Mara nyingi ndiko kuliko na mkahawa na duka, na wageni hupita humo bila kuinua macho. Tazama matofali ya sakafu na mwelekeo wa mifereji yake. Tafuta pete ya kamba, na tundu la hewa kwenye kilele cha paa. Panda ngazi uone walikolala wavulana, na kama ngazi imefungwa, muulize mwongozaji. Kisha ingia jumbani kwa mlango wa jikoni, kama walivyoingia walioliendesha.